Chumvi ya Mtani

Raheli alifariki Alhamisi, na Jumamosi mimi nilikuwa nimekaa mkekani huko Chanika, nyumbani kwa mjukuu wake, nainusa chai niliyopewa kabla sijainywa. Ndivyo nilivyo. Wanangu hunicheka kwamba hata maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe nayanusa, na mimi huwajibu kuwa bado sijamzika mtu aliyekufa kwa kunusa. Chai yenyewe ilikuwa nzuri, ina tangawizi. Mbele yetu, chini ya turubai, mhubiri kijana wa kanisa la yule mjukuu alikuwa ameshika kipaza sauti, suti imembana mabegani. Alianza vizuri, akasema marehemu ameumaliza mwendo. Kisha akabadilika. Akasema hakuna kifo cha bure, kwamba ufalme wa giza una watumishi wake hata kwenye ukoo, hata kwa majirani, na kwamba mwili hautatoka pale mpaka tuombe na aliyehusika ajulikane. Akina mama wakaanza kutupiana macho. Sasa Raheli alikuwa kizee aliyekwisha kuzika mume, meno, na karibu kila mtu aliyemjua isipokuwa mimi na mwingine mmoja. Alikufa usingizini baada ya kula ndizi mbivu. Lakini nilimwona jirani yangu akiuvuta mkoba wake karibu, na mimi mwenyewe nikageuka kumtazama aliyekaa nyuma yangu.

Swali lile nilishalisikia. Nililisikia Keko, mwaka mmoja miaka michache baada ya vita vya Hitler, kutoka kinywa cha mtu mwema kuliko huyu kijana, na ndiyo maana lilikuwa la hatari zaidi. Keko ya siku hizo ilikuwa mikorosho, vumbi, na nyumba zilizojengwa na watu waliokuja mjini kutafuta kazi. Yetu ilikuwa ya udongo, paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi katikati na ua nyuma. Mvua ikinyesha hatukusikilizana hata tukipayuka. Sote tulioishi mle tulikuwa watu wa bara, Wakristo, wale waliookoka, na nyumba tulikodi pamoja ili tusiishi na walevi. Mimi, Mpare, nilikuwa napiga mapindo kwa fundi cherehani wa Kihindi mjini. Raheli alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, ananizidi miaka michache, mke wa Yakobo aliyefanya kazi kwenye treni za mizigo, leo yuko Morogoro kesho yuko Dodoma. Kwa hiyo mimi na Raheli tulilala chumba kimoja, na Yakobo akirudi nilikunja mkeka wangu nikahamia kwa wanawake wa chumba cha pili. Chumba chetu kilinuka mafuta ya taa na dagaa, maana dagaa tuliwaficha chini ya kitanda wasiliwe na paka wa jirani.

Jirani mwenyewe ndiye Mama Chiku. Ua wake na wetu viligawanywa na ukuta wa makuti tu, na kisima tulichoteka maji kilikuwa upande wake. Alikuwa Mzaramo, Mwislamu, mjane, mpika vitumbua, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na binti mmoja, Chiku, mwanamwali wa rika langu aliyekuwa akingoja kuolewa. Kila alfajiri tulipokwenda kisimani Mama Chiku alimpokea Raheli kwa matusi. Alimwita mpagazi wake, mtumwa wake, mwizi wa kuku. Alisema babu yake Raheli alipita pale na pembe za ndovu kichwani akaondoka na kuku wa ukoo mzima, na kwamba deni hilo halijalipwa. Raheli, ambaye kwetu ndani alikuwa mpole wa kuinamisha macho, alijibu bila kigugumizi kwamba Wazaramo walikuwa wamejificha vichakani kwa woga, na kuku waliachwa wenyewe barabarani, nani angewaacha. Kisha Mama Chiku alimtwisha ndoo na kumpa kitumbua cha moto. Mimi nilisimama pembeni na ndoo yangu, sipati tusi wala kitumbua, na sikuyapenda mambo yale hata kidogo. Raheli alinieleza kwamba ni utani, kwamba tangu enzi za misafara Wanyamwezi na Wazaramo walipigana, wakapatana, na tangu hapo mtani humwambia mtani lolote na hakuna kukasirika. Kwetu Upareni utani niliujua, ule wa mabinamu na mashemeji, wa kuchekana njiani. Lakini mtu kumwita mwenzake mtumwa kila siku huku anacheka? Nilijiambia kikulacho ki nguoni mwako, nikaendelea kuangalia.

Mkubwa wa nyumba yetu alikuwa Mwalimu Zakaria, seremala wa vitanda, mtu wa kutoka magharibi ya ziwa. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na sijapata kuona mtu mwenye huruma kama yeye. Akipata samaki alimpa kichwa mgonjwa. Jioni, baada ya kula ugali wa muhogo na kisamvu, tulikaa ukumbini, taa ya kandili katikati, akatufundisha habari za ufalme wa Mungu. Hakusema ufalme ni mji tutakaoingia tukifa. Alisema umekwisha kuja. Alisema Mfalme ameshaingia mjini, vita vimekwisha pale msalabani, na kilichobaki ni kuwatoa askari wa mfalme wa zamani waliojificha majumbani. Vita vya wazungu vilikuwa vimeisha juzi tu, kila mtu alimwona akilini askari huyo aliyejificha, na bunduki yake. Neno lile lilinikaa sana. Mtu mwenye tabia ya kushuku, ambaye nyumbani alikuwa akigombezwa kwa kuchungulia, sasa ameambiwa kuchungulia ni kazi ya Mungu. Nilifurahi mno. Tulikuwa pia na desturi ya kuweka mambo nuruni: kila mmoja alisimama akaungama dhambi zake mbele ya wote, na wengine wakaimba. Ilikuwa desturi nzuri kwa muda ule tulioungama za kwetu.

Raheli alijifungua mwezi wa mvua za masika, mtoto wa kiume. Mama Chiku ndiye aliyempokea, kwa kuwa mkunga wetu alikwama upande wa pili wa maji, na kitu cha kwanza alichosema mtoto alipolia ni kwamba mtumwa mwingine kaingia. Mimi nilimshonea mtoto shuka ya flaneli yenye pindo la bluu. Alikuwa mtoto wa kimya, mwenye nywele nyingi, na kwa wiki chache nyumba yetu nzima ilinukia mafuta ya nazi. Kisha ikamshika homa. Tulimpeleka zahanati, tukapewa dawa, tukaomba, tukamkanda, na mchana mmoja jua likiwa kali aliacha kunyonya, jioni akawa hayupo. Yakobo aliwahi kufika kwa bahati. Raheli hakulia. Alikaa mkekani ameegemea ukuta, hakula, hakunywa, hakuitikia salamu, macho yako kwenye mlango kana kwamba mtoto katoka mara moja. Tulimwimbia, hakusikia. Mwalimu Zakaria alikwenda karakanani akachonga sanduku dogo la mninga kwa mikono yake, akalipiga randa mpaka likang'aa, hakutaka hata asante. Nilimwona amekaa peke yake na lile sanduku magotini, analia kama mzazi. Naliandika hili kwa sababu ya yatakayofuata, msomaji asije akamchukia haraka.

Siku ya maziko tulikuwa tumejaa uani. Mwalimu akamaliza sala, akalibeba sanduku mwenyewe, akaelekea mlango wa ua. Hapo mlangoni akasimama Mama Chiku. Amevaa kanzu kuukuu ya marehemu mumewe, amejipaka majivu usoni, na kichwani kajifunga ile shuka ya flaneli niliyoshona mimi. Sijui aliichukua saa ngapi. Akaitanua mikono akaziba mlango. Akasema mtoto hatoki, ni wake, amemla yeye. Akasema nyama yenyewe laini lakini ameila bila chumvi, Wanyamwezi ni wachoyo, wanampa mtu nyama bila chumvi. Nilimtazama Mwalimu, nikaona midomo imemkauka, amelikumbatia sanduku kama anayemlinda mtoto asiuawe mara ya pili. Ndipo Raheli akainuka. Mtu ambaye hakuwa ameinuka tangu jana yake alikwenda jikoni akiburuta mguu mmoja baada ya mwingine, akachota chumvi kwenye kifuu, akaja akaimimina mkononi mwa Mama Chiku. "Haya kula, mchawi wee," akamwambia, "ukishiba umpishe mwanangu." Akacheka. Kicheko kile kikageuka kilio njiani, akaanguka kifuani kwa Mama Chiku, akalia kilio ambacho mpaka leo nakisikia. Mama Chiku alimshika, majivu yake yakawa matope kwa machozi, ya nani sijui. Kisha akapisha. Jioni ile Raheli akanywa uji, bakuli zima.

Mwenye macho angeona kilichotokea. Mimi nilikuwa na macho mengi mno. Usiku uleule nilijiuliza mwanamke aliyekuwa wa kwanza kumpokea mtoto, aliyemshika kabla ya mama yake, anatoka wapi na majivu na maneno yale, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wenzangu walijiuliza hayohayo. Na Mwalimu Zakaria hakuwa na haja ya kujiuliza. Kwake yeye mtu alikuwa amesimama hadharani, mchana, akakiri kwa kinywa chake. Sisi tulikuwa watu wa kuungama. Tuliamini kwamba neno likisemwa mbele ya watu ndilo kweli yenyewe. Kwao magharibi ya ziwa hakuna anayefanya mzaha kwenye mlango wa maiti. Wanyamwezi wengine walikuwepo kwenye kusanyiko letu, wawili watatu, na walijua, lakini waliambiwa tangu wabatizwe kwamba mambo ya kimila ni ya gizani, kwa hiyo walinyamaza wasije wakaonekana wanayakumbuka. Na ile chumvi ilizidi kuharibu. Mwalimu alisema polepole, kwa huzuni, kwamba Raheli amefunga agano na yule mama bila kujua.

Basi tukaingia katika majira ya kushukiana. Tuliacha kuteka maji kwa Mama Chiku, tukawa tunakwenda kisima cha mbali, tunarudi shingo zimetuuma. Vitumbua vyake vilivyoletwa na Chiku tulivipokea kwa adabu tukawapa kuku, kisha tukawaangalia kuku. Kuku wakanenepa. Chungu kilifunikwa, na kifuniko kikawekewa jiwe. Yai lililopasuka njiani lilizungukwa na watu wazima kama nyoka. Kisha, kama inavyokuwa, tukaanza kuangaliana wenyewe: nani kaonekana karibu na ukuta wa makuti, nani kaitikia salamu ya yule mama, nani anakohoa wakati wa sala. Desturi yetu ya nuruni ikageuka. Watu walisimama kuweka nuruni mambo ya wenzao. Na Raheli peke yake aliendelea kwenda kisimani alfajiri. Nilikuwa nalala macho, nasikia sauti mbili upande wa pili, moja inatukana, nyingine inajibu, na mwishoni kitu kama kucheka. Akirudi ndoo kichwani nilijifanya nimelala. Nilimwogopa, rafiki yangu, na niliona uchungu kumwogopa.

Yakobo aliporudi safari nyingine Mwalimu alikaa naye barazani muda mrefu. Baada ya hapo mambo yakawekwa wazi. Jumapili ya pili Raheli angesimama mbele ya kusanyiko na Mama Chiku akiwepo, angemtaja kuwa ndiye aliyemuua mwanawe, na kumkana. Wazee wangekwenda na ushuhuda huo kwa Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, si kwa jumbe wetu wa pale, maana naye alikuwa Mzaramo. Serikali ilikuwa na sheria yake ya uchawi, na ilisemekana wapo waliotolewa kwao wakapelekwa kukaa mbali chini ya ulinzi. Mama Chiku angepoteza nyumba, kisima, na harusi ya bintiye. Na Raheli asiposimama, angetengwa, chumba kingetolewa kwa mwingine, na Yakobo alikuwa ameahidi, huku anatazama chini, kumpandisha treni arudi Tabora. Yakobo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefiwa, na alikuwa amepewa mtu wa kumlaumu, na hiyo ni zawadi ambayo wengi hawaikatai.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo nilikuwa uani nachambua mchele, saa za alasiri, Raheli na Mwalimu wako ukumbini. Mlango ulikuwa wa gunia. Nilisogeza ungo karibu. Mwalimu alikuwa anamsihi, hamtishi. Alimweleza jambo ambalo hatukuwahi kulisikia: kwamba alizika watoto watatu na mama yao, mmoja baada ya mwingine, na jirani aliyekuja kulia pamoja naye kila mara ndiye baadaye alisema mwenyewe amewaua. Sijui kama yule jirani alisema kweli au alikuwa mgonjwa wa kichwa. Mwalimu hakuwa na shaka. Alisema alikaa kimya mara tatu kwa kuona haya, na hatakaa kimya mara ya nne kwa mtoto wa mtu mwingine. Raheli akamwambia pole, baba. Nikaacha kupepeta nisikie vizuri.

"Mwalimu," Raheli akauliza, "yule adui ameshindwa, au bado?"

"Ameshindwa, mwanangu. Lakini nyoka aliyekatwa kichwa naye huuma."

"Basi mie siku ile nilikuwa nimeshaumwa. Nilikuwa nakufa pale mkekani, nyie mnaniimbia. Huyu mama alikuja akakiita kifo kwa jina lake, akakicheka mbele yangu, ndipo nikaweza kusimama. Kama ni wa yule adui, mbona kamdharau bwana wake hivyo?"

Alisema, tena kwa upole, kwamba adui hujigeuza malaika wa nuru. Jibu hilo lina nguvu yake, na mtu wa kushuku kama mimi analijua vizuri: ukishalishika, hakuna wema wowote utakaouamini tena, maana kadiri mtu anavyokuwa mwema ndivyo anavyozidi kukutisha. Nilirudi kwenye mchele wangu. Lakini kwa mara ya kwanza nilijikuta nimemshuku Mwalimu, si kwa ubaya, ila nilishuku kwamba ule ufalme aliotufundisha, ulioshinda vita, yeye mwenyewe bado hajauona. Alikuwa bado anapigana kwenye mlango wa nyumba yake ya zamani, na sote alikuwa ametuita tukapigane pale.

Jumapili ikafika. Tulisali, tukaimba, na uani sufuria la wali wa nazi lilikuwa linangoja, kwa kuwa Mwalimu alitaka baada ya ushindi tule pamoja. Mama Chiku aliitwa, akaja na Chiku wake, kavaa kanga safi, hakuwa na habari kamili ila alikuwa ameshaona kwamba hatuteki maji. Alisimama karibu na mlango uleule. Wazee wawili walikaa tayari na kofia magotini. Mwalimu alisema kwa kifupi kwamba Mfalme ameshinda na leo tutauona ushindi wake, akamwita Raheli. Raheli akasimama katikati ya ua. Alikuwa amekonda, gauni linamcheza. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria.

"Mwalimu kanitaka niseme nani kamla mwanangu," alisema. "Ni huyu hapa. Kasema mwenyewe, nyote mlimsikia, na chumvi nilimpa mie."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Mama Chiku alimtazama Raheli, akamvuta Chiku nyuma yake.

"Sasa kule makaburini tulizika sanduku tu," Raheli akaendelea. "Mwanangu yumo humu, tumboni mwa huyu mama. Kaburi lake ndilo hili. Na mie sijaona mzazi anayelikimbia kaburi la mwanawe. Kuanzia leo nalala kwake."

Nilimwona Mama Chiku macho yamemjaa, kisha akajikaza, akaweka mikono kiunoni.

"Kwangu halali Mnyamwezi," alisema. "Wanakoroma. Atalala nje na mbuzi."

"Nitalala na mbuzi," Raheli akamjibu. "Hawanuki kama Wazaramo."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Yakobo. Kilimtoka ghafla, kama mtu aliyepaliwa, akajaribu kukizuia kwa mkono, kikamshinda. Alikuwa amekua Tabora, utani aliujua tangu mgongoni kwa mama yake, na wiki zote zile alikuwa ameukaba kooni. Alicheka mpaka akachuchumaa, akalia palepale, kwa sauti, kilio cha mwanawe ambacho alikuwa hajakilia. Wale Wanyamwezi wengine wakafuata, mmoja akacheka, mwingine akafuta macho. Wazee wakazivaa kofia zao, wakazivua tena. Hapakuwa na ushuhuda wa kupeleka kwa Bwana Shauri. Mzungu gani angeandika kwamba mfiwa amemtaja mchawi kisha akahamia kwake? Raheli aliingia chumbani, akatoka na mkeka na furushi lake, akapita katikati yetu. Aliponifikia alisimama kidogo. Nadhani alitaka niseme kitu. Nilimfunulia sufuria, nikampakulia wali kwenye sahani, akaenda nao.

Alitengwa, ndiyo. Mwaka ule wote uliobaki hakuruhusiwa kuingia ibadani, akawa anakaa nje chini ya dirisha, anaimba na sisi kutoka upande wa pili wa ukuta, na sauti yake ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zetu. Yakobo alishindana na aibu safari mbili za treni, ya tatu akashukia kwa Mama Chiku moja kwa moja, naye alipokewa kwa kuitwa mwizi wa kuku. Na Mwalimu Zakaria asubuhi moja alikifungua kile kitanda cha Raheli alichokuwa amekitengeneza yeye, akakibeba begani kipandekipande, akakiegemeza kwenye ukuta wa makuti upande wa Mama Chiku, akaondoka bila hodi. Nimekaa na jambo hilo maisha yangu yote. Siku nyingine naliona ni upendo, siku nyingine naona alikuwa anaondoa nyumbani kwake kitu kilichonajisika. Mwaka uliofuata alirudi kwao ziwani, na sikumwuliza.

Watu hudhani mwaka ule uliniponya kushuku. Haukuniponya. Ila ulinibadilishia ninachokishuku. Nikimsikia mtu anatangaza ushindi wa Mungu huku jasho linamtoka, anahesabu maadui, anataka mlango ufungwe, huwa najiuliza: huyu Mfalme wake kashinda kweli? Mshindi hulala mlango wazi. Nimesoma mara nyingi pale mtume anapoiuliza mauti uchungu wake uko wapi, na makanisani huwa tunapasoma kwa sauti nzito, kana kwamba ni hukumu. Mimi siku hizi nadhani alikuwa anaitania. Alikuwa amesimama mlangoni na majivu usoni, anaidai chumvi.

Huko Chanika mhubiri alikuwa bado anaomba aliyehusika ajulikane, watu wamefumba macho, wengine nusu, wanachunguliana. Nikasikia fimbo inagonga njiani. Akaja kikongwe amepinda, koti la kiume kalivaa nje ndani, usoni kajipaka majivu ambayo mikunjo imeyapokea yote. Ni Chiku. Sikuwa nimemwona miaka mingi, nilidhani magoti hayamruhusu tena. Alipita katikati ya waombaji kama hawapo, akafika kwenye jeneza, akaligonga kwa fimbo, akasema kwa sauti ileile ya mama yake kwamba huyu Mnyamwezi kamla yeye, na alikuwa mgumu, kamvunja meno yote, na hatoki hapa mpaka walipe kuku wa watu. Wajukuu wa Raheli hawakujua wacheke au wakimbie. Mama mmoja alipiga yowe. Mhubiri alishusha kipaza sauti, uso umembadilika rangi, na niliuona mdomo wake umekauka kama ule mwingine wa zamani. Alinijia mimi kwa kuwa nilikuwa mzee kuliko wote mkekani, akainama, akaniuliza kwa kunong'ona, "Bibi, shikamoo. Huyu mama ni nani?"

Niliweka kikombe chini. Nilimtazama Chiku, naye akanitazama, na nikaona anangoja, kama Raheli alivyoningoja nikiwa na kile kifuniko mkononi.

"Marahaba, baba," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ndiye mchawi mwenyewe mnayemtafuta. Mletee kiti, na chumvi kidogo."